Foleni ya 128: Desemba niliyopambana na seva ya tiketi

Desemba 2018 nilikuwa nasimamia seva ya mfumo wa kukata tiketi za mabasi, Dar es Salaam. Anayeijua Dar anajua mwezi huo ulivyo: kila mwenye kwao Moshi au Arusha anataka kufika kabla ya Krismasi. Tulifungua mauzo saa mbili asubuhi, na hata robo saa haijaisha dada wa huduma kwa wateja akanipigia: "Kaka, watu wanalalamika ukurasa unazunguka tu. Mmoja anapata, watatu hawapati."

Nikaingia kwenye seva. Prosesa ilikuwa inatumika robo tu, memori imebaki tele, hifadhidata inajibu upesi. Mashine imetulia, na watu wako nje wanagonga mlango.

Kwa haraka nikanakili vigezo vya kerneli (kiini cha mfumo endeshi, kwetu Linux) nilivyowahi kuvihifadhi kutoka kwenye makala za zamani. Kimojawapo kilikuwa net.ipv4.tcp_tw_recycle = 1, na hapo nikaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Waliotumia kompyuta za nyumbani walipita, wa simu wakazidi kukwama. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Kigezo hicho kikiwashwa, kerneli hukumbuka muhuri wa muda (namba ya saa ambayo kifaa hubandika kwenye ujumbe wake) wa mwisho ulioletwa na kila anwani. Ombi jipya likija na muhuri ulio nyuma ya huo, hutupwa kimyakimya. Simu mia, kila moja na hesabu yake ya muda, zote anwani moja! Nilipoita netstat -s, amri ya takwimu za mtandao, mstari wa "passive connections rejected because of time stamp" ulikuwa unapanda kila nikiangalia. Nikakirudisha 0 papo hapo. Kwenye Linux kigezo hicho kiliondolewa kabisa tangu toleo la 4.12, mwaka 2017, ila sisi tulikuwa na CentOS 7, aina ya Linux yenye kerneli 3.10, bado kimo. Ukikikuta kwenye seva ya zamani inayohudumia watu wa simu, nakusihi usikiwashe.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho, kuitazama foleni yenyewe ya wanaosubiri kupokelewa, kwa amri ya ss -lnt:

LISTEN 129 128 *:443

Kwa soketi inayosikiliza (mlango ambao programu inapokelea wateja), namba ya kwanza ni miunganisho ambayo kerneli imeshaikamilisha na inasubiri programu iichukue. Ya pili ni ukubwa wa foleni. Nafasi 128, zimejaa pomoni. Anayefika baada ya hapo hajibiwi. Simu yake inangoja sekunde 1, inajaribu tena, inangoja 2, kisha 4. Huko ndiko kuzunguka walikokuwa wanakulalamikia.

nginx, programu yetu inayopokea maombi ya wateja, huomba foleni ya 511, lakini kerneli huikata kwa kigezo cha net.core.somaxconn, na enzi zile chaguo-msingi lilikuwa 128 (tangu kerneli 5.4 ni 4096). Nikakiweka 4096, nikaongeza backlog=4096 kwenye mstari wa listen katika mipangilio ya nginx, nikaizima nginx na kuiwasha tena, maana soketi iliyokwisha kufunguliwa hubaki na foleni yake ya zamani.

Foleni ikakua. Baada ya dakika chache ikajaa tena.

Basi tatizo halikuwa ufinyu wa foleni peke yake. Kuna kitu kilikuwa kinamzuia mpokeaji, yaani nginx, asipokee. Nikafungua logi ya makosa ya nginx: "Too many open files", ukurasa baada ya ukurasa. Kila muunganisho unahesabiwa kama faili moja lililo wazi, na nginx ikimpeleka mteja kwenye programu iliyo nyuma yake hutumia mawili. Nilikuwa nimeshaandika kikomo cha faili 65535 kwenye /etc/security/limits.conf miezi mingi nyuma na kuamini yamekwisha. Lakini huduma inayowashwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hailisomi faili hilo. Nikaita cat /proc/PID/limits, nikiweka namba ya mchakato wa nginx mahali pa PID, nikaona kikomo: 1024. Nikaweka LimitNOFILE=65535 kwenye faili la huduma, systemctl daemon-reload, nikaiwasha upya. Namba ya kwanza kwenye ss ikashuka hadi 0 mbele ya macho yangu.

Usiku, mauzo yakiwa yamefungwa, niliandika faili moja ndani ya /etc/sysctl.d, kila kigezo na sababu yake juu yake, kwa sababu kigezo kilichowekwa kwa amri ya sysctl -w hupotea mashine ikizimwa. Nikaizima mashine yote na kuiwasha, nikahakiki namba moja moja.

Kesho yake saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa nimekaa na watch -n1 ss -lnt, inayoionyesha foleni upya kila sekunde. Mauzo yalipofunguliwa foleni ilipanda hadi 300 na kitu, ikakaa kama sekunde mbili, ikashuka, ikarudi 0. Simu ya dada haikulia.