Nimeinua gari inchi mbili, sasa niweke tairi saizi gani?

Mtu akishainua gari inchi mbili tu, macho yote yanahamia kwenye matairi. Mi ilikuwa hivyohivyo, gari limetoka kwa fundi jioni, kesho yake asubuhi nachungulia kwenye fenda naona uwazi mkubwa mpaka mkono unapita, yale matairi ya kiwandani yanaonekana yamepwaya mle ndani, basi nikaenda kufunga 285/70R17 (saizi kubwa kuliko ya kiwandani, hizo namba nazieleza hapo chini) bila kupima kitu chochote. Hata mwezi haukuisha nikayatoa. Nataka nieleze kwa nini, sababu naona wengi wanapita njia ileile na ni hela inayoumiza.

Ule uwazi unaouona juu ya tairi unadanganya. Ni uwazi wa gari likiwa limesimama. Ukiingia kwenye shimo springi ikabonyea yote, mara nyingi tairi linapanda palepale lilipokuwa linapanda kabla hujainua gari, maana ule mpira wa kugotea, unaozuia springi isibonyee zaidi, uko palepale, hujausogeza. Halafu la pili ndo kubwa zaidi, kuinua gari hakuongezi nafasi mbele ya tairi wala nyuma yake, na huko ndiko tairi linakogusa ukikata stelingi.

Mimi niliisikia kwanza nikiwa narudi nyuma nimekata stelingi mpaka mwisho, mlio kama mtu anapitisha msasa kwenye ndoo ya plastiki. Nikashuka nikaangalia sikuona kitu. Siku ya tatu nikafungua madigadi nikapiga tochi ndani, ile plastiki ya ndani ya fenda ilikuwa imeng'aa mstari mzima upana wa vidole viwili, na nyuma yake kuna kile chuma kinachobeba bodi juu ya chesisi, kona yake imelambwa rangi imebaki chuma tupu. Ukilipapasa tairi, meno ya pembeni yalikuwa laini upande mmoja kama yamepigwa tupa. Chuma na tairi vikikutana kwenye spidi sitaki hata kufikiria.

Hesabu yenyewe wala si ngumu, ningeifanya mapema. 265/65R17, ile unayoikuta kwenye Prado na Hilux nyingi, maana yake upana milimita 265, ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yani kama 172, rimu inchi 17 ambayo ni karibu 432. Jumlisha ubavu mara mbili na rimu unapata kimo cha 776. Ukienda 265/70R17 unapata 803. Ukienda 285/70R17 unapata 831. Sasa gawa kwa mbili hiyo tofauti, ile 265/70 inasogea milimita 13 kila upande kutoka katikati, 285/70 inasogea 27 na bado ni pana zaidi. Na hizohizo 13 ndo unazopata kunyanyuka kutoka chini, hakuna zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kwa gari lililoinuliwa inchi mbili mi nasema panda hatua moja, 265/70R17, basi. Ukitaka 285 jiandae kukata plastiki, na kwenye magari mengine kukata hicho chuma pia, na hapo umeshatoka kwenye habari ya kubadilisha matairi.

Kingine ni uzito. Tairi kubwa lenye kuta ngumu za kubebea mzigo linaweza kuzidi la kiwandani kilo kadhaa kila moja, na huo uzito unazunguka, injini inausukuma na breki inausimamisha. Nilivyokuwa na zile 285 gari lilikuwa linashuka gia kwenye vilima ambavyo zamani lilikuwa linapanda bila shida. Na mshale wa spidi nao unapotea, kama ulikuwa unasoma sawasawa basi ukiona 100 kwa 265/70 unaenda kama 103, kwa 285/70 ni 107. Kilometa nazo zinahesabika pungufu, ndo maana mtu anaona gari limeanza kunywa mafuta kuliko linavyokunywa kweli (linakunywa zaidi, ila si kwa kiasi hicho chote).

Rimu usiziguse kama huna sababu. Rimu zinazotoa tairi nje zinapendeza, lakini stelingi ikizunguka tairi linachora duara kubwa zaidi, na litagusa hata saizi ambayo kwa rimu za kiwandani ingepita safi.

Sasa kabla ya kulipa yote manne, omba wakufungie moja tu mbele. Kata stelingi mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, mbele na kurudi nyuma, kisha pandisha gurudumu hilo juu ya ukingo ili springi ibonyee na urudie tena. Paka chaki kwenye meno ya pembeni, likigusa popote utaona alama. Kama linagusa plastiki kidogo tu, alaimenti nzuri (kupanga upya pembe za magurudumu) inaweza kulisogeza gurudumu mbele kidogo ikatosha, na alaimenti lazima ufanye hata hivyo ukishainua gari. Angalia pia namba ya mzigo ubavuni isiwe chini ya ile ya matairi uliyotoa, 112 kwa mfano ni kilo 1120 kwa tairi moja.

Na spea, tafadhali, liwe saizi hiyohiyo mpya. Lijaribu kama linaingia pale linapofungwa. Nasema hivyo sababu gari linaloendesha magurudumu manne muda wote ukilifunga tairi moja lenye kimo tofauti ukasafiri nalo mbali, difu ndo inayoumia. Mi nilinunua matano.