Uzima wa uzeeni hupimwa kwenye kiti

Presha sawa, sukari sawa, basi tunajiita wazima. Lakini ukishavuka miaka 60, kuna swali jingine: unaweza kuinuka kitini bila kushika kitu?

Jipime. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa katikati, nyayo zote chini, mikono ipishane kifuani. Simama wima kabisa, keti, rudia kwa sekunde 30 huku ukihesabu. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume asiyefikisha mara 14, au mwanamke asiyefikisha 12, yuko chini ya wastani, na hatari ya kuanguka imeongezeka. Wengi hujidanganya hapa: hujisukuma kwa kiganja pajani, au hujibwaga badala ya kushuka polepole. Kushuka huko ndiko kunakojenga paja!

Kutembea ni kuzuri, ila misuli hudai uzito. Angalau siku 2 kwa wiki, fanya seti 3 za kuinuka mara 8 hadi 12, ukipumzika dakika 2 katikati. Zikiwa nyepesi, shika chupa ya maji kila mkono. Usibane pumzi, presha hupanda ghafla.

Protini nayo: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, igawe katika milo yote. (Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.)

Ukisikia kizunguzungu ukisimama, acha zoezi. Kapimwe presha ukiwa umekaa, kisha umesimama. Huenda dozi ya dawa inahitaji kuangaliwa upya.