Ritifaa mbili za Ng'hong'onha: nilivyotengeneza jina la filamu

Filamu yenyewe ilikuwa fupi, inahusu kina mama wanaochota maji Ng'hong'onha, kata iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwongozaji ni rafiki yangu wa tangu sekondari. Alipomaliza kuhariri akanipigia: "Kaka, kimebaki kitu kidogo tu, weka maandishi." Ndivyo watu wengi wa video wanavyoyaona maandishi, kama pilipili ya kuweka mezani chakula kikishaiva. Unafungua programu, unachagua fonti inayong'aa, unaitia kivuli na rangi ya dhahabu, unalipwa, unaondoka.

Kilichonizuia kufanya hivyo ni jina lenyewe. Ng'hong'onha lina herufi kumi na ritifaa mbili, yaani hii alama ya ('). Kwenye kibao cha barabarani unalipita bila kugundua chochote. Likuze lijae ukuta wa ukumbi ndipo utaona kazi: kila ritifaa inaacha pengo, na jina linakatika vipande vitatu, Ng, hong, onha. Halafu fonti nyingi za bure hazina hata ritifaa yenyewe. Ukiichapa unapata kijiti kilichosimama wima, wakati ritifaa halisi ni mkato uliopandishwa juu, una kichwa kinene na mkia unaopindia kushoto.

Rafiki yangu alitaka Trajan, zile herufi za mabango ya sinema kubwa za Marekani. Namwelewa. Ni herufi nzuri. Mchoraji wa herufi Carol Twombly alizichora mwaka 1989 akifuata maandishi yaliyochongwa kwenye Nguzo ya Trajan kule Roma, na Warumi wale walikuwa hawana herufi ndogo. Kwa hiyo Trajan ni herufi kubwa tupu. Sasa weka G kubwa, ritifaa, kisha H kubwa: G imejaa mpaka juu, H imejaa mpaka juu, ritifaa lazima ipewe chumba chake katikati, na chini ya chumba hicho ni shimo tu. Nilimchapia, nikamtumia. Akakaa kimya siku nzima, kisha akaandika: "Linaonekana kama maneno matatu."

Kabla sijachagua kitu nilirudi kuangalia waliotutangulia. Kabla ya miaka ya 1950 kumbi nyingi zilikuwa zinaonyesha majina ya wasanii pazia likiwa bado limefungwa, maana hakuna aliyeyajali. Msanifu Saul Bass alipotengeneza maandishi ya mwanzo wa filamu ya The Man with the Golden Arm mwaka 1955, makopo ya filamu yalikwenda kwenye kumbi yakiwa na maelekezo kwa waonyeshaji wafungue pazia kwanza. Mwaka 1964 msanifu mwingine, Pablo Ferro, akaandika majina ya filamu ya Dr. Strangelove kwa mkono, herufi nyembamba ndefu zilizojaza kioo kizima. Huyo ndiye aliyenipa wazo la mkono. Wembamba wake sikuuchukua. Filamu yetu ingeonyeshwa kwenye darasa lenye madirisha yasiyo na pazia, na baada ya hapo isambae WhatsApp. Mstari mwembamba haufiki salama huko.

Nikaenda mtaa wa Majengo kwa mzee mmoja anayeandika kuta za maduka. Kazi zimempungua tangu watu waanze kuchapisha mabango ya plastiki, lakini brashi yake bado inatii. Nilimwandikia jina kwenye daftari, nikamweleza kisa cha pengo. Hakunisubiri nimalize.

"Hiyo haihitaji nafasi yake, kijana wangu. Ipandishe juu ya g."

Na kweli. Ukiandika kwa herufi ndogo, g haiendi juu, mwili wake uko katikati na mkia unashuka chini. Juu yake pana nafasi wazi. Ritifaa ikisogezwa kushoto inakaa hapohapo juu ya bega la g, na h inaweza kusogea karibu. Pengo limekwisha. Akapiga mstari kwa uzi wa chaki kwenye plaiwudi aliyokuwa ameipaka nyeupe, akagusa kwa penseli, kisha brashi bapa na rangi nyeusi. Wakati wote huo simu yangu ilikuwa inarekodi mkono wake.

Ile video ndiyo iliyonirahisishia kazi. Ubao niliupiga picha kivulini, simu ikiwa sambamba nao ili herufi za pembeni zisipinde, nikazigeuza kuwa mistari safi kwenye Inkscape, programu ya kuchora. Sikusafisha kila kitu; miisho ya brashi niliiacha na mikwaruzo yake. Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, nikalifichua jina mstari kwa mstari, nikifuata mpangilio uleule ambao mkono wake ulipita. Ritifaa zote mbili zinaingia mwisho, kama alivyozigonga yeye.

Rangi ilitugombanisha kidogo. Mwongozaji alitaka nyeupe, lakini picha ya kwanza ni anga la Dodoma la kiangazi, vumbi tupu, karibu jeupe. Nyeusi ikashinda. Pembeni niliacha asilimia 5 kila upande, maana projekta za kuazima hukata kingo. Muda wa jina kukaa niliupima kwa mgeni kutoka Tanga: alisome kwa sauti mara mbili, polepole, kabla halijaondoka. Ng'h ilimtoa jasho, nikaongeza muda.

Majina ya watu yanayoonyeshwa mwishoni mwa filamu sikuyakisia. Kina mama tulimuuliza mmoja mmoja anataka aandikweje. Wengine walitaka Mama fulani, wengine wakakataa katakata, wakataka jina la kwao.

Yule fundi wa brashi naye nilimuuliza. Kwenye kila ukuta anaoandika huacha jina na namba ya simu kwenye kona ya chini, kwa hiyo akajibu bila kufikiri: "Jina, na namba usiisahau." Rafiki yangu alicheka, akasema filamu siyo ukuta wa duka. Tulibishana jioni nzima. Namba ipo, kona ya chini kulia, bila kuingia kwenye ile asilimia 5 ya pembeni, na wiki ya kwanza tu mwenye saluni mmoja alimpigia.