Nilivyoondoa shilingi kwenye mapenzi ya mwaka 1911

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ilifia mikononi mwa fundi cherehani. Alifika ukurasa wa sita, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akasema, "Dada, huyu kijana wako analipwa shilingi? Mwaka 1911? Shilingi imetoka wapi na Mjerumani bado yupo?"

Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshachapa kurasa 140.

Tuko watano. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, kibarazani kwa dada mmoja muuguzi, mtaa wa Shangani, hapa Mtwara. Kuna huyo fundi, kuna mwalimu mstaafu wa historia, kuna kijana wa bodaboda anayeandika mapenzi ya Kilwa Kisiwani enzi za masultani, na kuna mimi mwenye steshenari. Naandika katikati ya wateja, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine unapokea hela ya kopi. Sote tunaandika hadithi za mapenzi ya zamani, kazi ambayo ukiitaja mbele ya watu wazima wanakuuliza kama umekosa la kufanya. Sharti la baraza ni moja: hakuna kusifu kabla hujataja makosa matatu.

Riwaya yangu iko Tendaguru, kile kilima kilicho kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Kila mtu wa kusini anajua kwamba mjusi wetu yuko Berlin, na kila baada ya muda watu huuliza atarudi lini. Wanaokumbuka kwamba waliochimba na kubeba ni watu wa huku ni wachache. Vibarua walifikia 500 hivi, msimamizi wao mkuu akiitwa Boheti bin Amrani, na wengi walihamia pale na wake zao na watoto hadi kambi ikawa kijiji. Mizigo ikatembezwa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ile mikubwa ikining'inia kwenye miti mabegani mwa watu kadhaa. Niliposoma habari hizo sikumuwaza mjusi hata kidogo. Niliwaza: hawa vijana, wakishatua mzigo Lindi, walikuwa wanamtazama nani?

Nikapata mpagazi wa Kimwera na binti wa Kimwera aliyelelewa Lindi mjini. Nikaandika kwa miezi minne bila kumuuliza mtu kitu.

Basi siku ile kibarazani makosa yakamwagika. Shilingi ilikuja na Mwingereza, baada ya vita. Kijana wangu alitakiwa kulipwa rupia, na tangu 1904 rupia moja ilikuwa heleri 100. Mwalimu akauliza kwa nini wapenzi wangu wanaagana kwenye bandari ya Mtwara, ilhali bandari hiyo ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1911 meli ya upande huu ungeitafuta Mikindani. Kijana wa bodaboda naye akaning'oa mikorosho. Nilikuwa nimempumzisha mpagazi kwenye mashamba ya mikorosho yasiyo na mwisho, kama haya tunayoyaona leo njiani, kumbe korosho kuwa zao la kila kaya ni habari ya baadaye sana.

Hayo yaliniuma, lakini kuyasahihisha ilikuwa kazi ya alasiri moja. Unafuta shilingi unaandika rupia, unakata mkorosho unapanda mwembe. Kilichonikosesha usingizi ni kauli ya muuguzi, aliyekuwa kimya muda wote akimenya machungwa: "Hawa watu wako wamevaa kaniki, ila wanapendana kama wako Instagram."

Nilikasirika, kusema kweli. Nilirudi nyumbani nikahesabu. Neno "nakupenda" lilikuwa limetajwa mara 31.

Wiki iliyofuata nilifunga duka siku mbili nikapanda basi la Lindi, kisha nikaunganisha hadi Mchinga, kwa bibi mmoja ambaye ni ndugu wa mbali wa marehemu mama yangu. Ana zaidi ya miaka themanini na alilelewa na bibi yake, na huyo bibi yake alikuwa mwali wakati wa Mjerumani. Nilimwamkia, nikampa sukari na kanga niliyomletea, tukaongea habari za watu wazima na wagonjwa, na jua lilipopoa ndipo nikaanza kumsomea. Nikafika pale baba wa binti anapokataa posa.

"Baba?" akanikatiza. "Kwani mjomba wake kafa?"

Nikasema hapana, sikumweka mjomba.

"Humuweki mjomba halafu unasema ni Wamwera. Mjukuu wangu, mtoto ni wa kwao mama. Baba anakaa pembeni anasikiliza."

Mimi mwenyewe mama yangu ni Mmwera. Nalijua hilo kabisa, wajomba zangu ndio walioamua mambo yangu yote, lakini niliposhika kalamu nikamleta baba mkali wa kwenye filamu. Sijui kwa nini kalamu hutusahaulisha kwetu.

Nikamuuliza sasa mwanamume alisemaje kwamba anapenda. Akanitazama kama nimeuliza maji yanachemshwaje. "Alipewa jembe, akalima kwa mama mkwe. Wewe mwenyewe unamuona mgongo. Akichoka siku ya tatu unajua hakupendi."

Nilirudi Mtwara nikiwa na riwaya nyingine kabisa. Kijana wangu anabeba mifupa ya Mzungu kwa sababu anataka rupia, kodi inamsubiri. Kila safari ya kwenda Lindi inamsogeza karibu na binti na kumweka mbali na shamba la mama yake binti. Mjomba hana shida na ufukara wake. Shida yake ni kwamba shamba halijaguswa na mvua zinakaribia. Kabla ya hapo nilikuwa na mzee mbaya asiye na sababu. Sasa nilikuwa na mzee mwenye haki, na huyo anatesa wapenzi vizuri zaidi.

Jambo la pili lilitokana na barua. Rasimu ya kwanza ilikuwa na barua tamu kutoka kwa binti kwenda Tendaguru, nami niliipenda mno. Fundi akauliza tu, "Kwa herufi gani?" Binti aliyesoma chuoni Lindi, yaani madrasa, angeandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyozoea. Mpagazi wa kutoka bara, asiyejua alifu wala bee, angeipokea akaibusu, halafu? Lazima amtafute wa kumsomea. Nilitaka kuifuta barua. Mwalimu akanishika mkono, hasa, akasema usiifute, hapo ndipo penye hadithi. Nikampa kibarua mwenzake aliyesoma chuo, naye anasoma kwa sauti ya chini usiku, na kila barua anaacha mstari mmoja. Sura tatu nzima zimesimama juu ya huo mstari.

Mwalimu ndiye aliyetuletea pia rundo la riwaya za Kiingereza za mtumba, za mapenzi ya kihistoria. Wenzetu wa huko wamegawana vipindi kama mashamba. Wapo wasioandika kitu nje ya miaka ya 1811 hadi 1820, wakati mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, na humo makabaila ni tele. Kijana wa bodaboda alizisoma nne akasema utajiri wote ule na bado mtu anashindwa kusema anataka nini. Tulichokopa kwao ni sheria moja tu: mwisho lazima wapendanao wawe pamoja, na msomaji aamini.

Sheria hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Uchimbaji uliisha 1913. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na vijana wenye mabega kama ya kijana wangu ndio waliokamatwa kubeba mizigo ya majeshi, upande huu na ule. Mnamo Oktoba 1917 palipiganwa vita vikali Mahiwa, si mbali na Nyangao, njia ya Lindi kwenda Masasi. Mimi nayajua hayo, msomaji anayajua, wapenzi wangu hawayajui. Mwalimu alitaka niyaweke. Alisema kuyaacha ni kudanganya. Muuguzi akasema watu hao hawakuishi wakijua tarehe, mwache mtu afurahie mavuno yake. Tulibishana mpaka swala ya magharibi.

Nikafunga riwaya mwanzoni mwa mvua. Kijana yuko shambani kwa mama mkwe siku ya nne, mjomba amesimama chini ya mwembe akimtazama mgongo, hasemi neno. Neno "nakupenda" limebaki mara moja, nalo anayelisema ni yule msoma barua.

Habari za kuchapa nazipitia haraka kwa sababu bado zinanichefua: nakala 200, Dar es Salaam, na 40 zilikuja na kurasa zilizorudiwa. Nimeuza zaidi ya nusu hapa hapa kaunta.

Mwezi uliopita akaingia mama mmoja kutoa kopi ya kitambulisho. Akaiona riwaya, akasema ameshaisoma, kaazima kwa shoga yake. Alikaa kimya mashine ikizunguka, kisha akauliza taratibu, "Yule kijana, walimchukua vitani?"

Nikamwambia kopi mbili ni shilingi mia mbili.