Herufi kwa miguu

Nimerejea sasa hivi kutoka Gangilonga, hapa Iringa, karibu na ule mwamba ambao kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea, na majivu bado yamo kwenye viatu vyangu.

Kwa wiki tatu tumekuwa tukiandaa kazi ya sanaa ambayo kila herufi yake huandikwa kwa mwili: mchezaji hupaka nyayo majivu yenye unyevu, kisha hutembea, huruka au hujiviringisha juu ya shuka jeupe mpaka umbo lionekane. S ilitoka kwa urahisi. Q na X, ambazo maneno ya Kiswahili hayazihitaji, tuliziacha, ingawa watoto waliidai X kwa kuwa wanaifahamu vizuri kutoka kwenye madaftari yao.

Leo mchana bibi mmoja aliyekuwa akipita alisimama kututazama.

Nilimwamkia, nikamwomba naye aandike. Alitaja jina lake, akaniuliza linaanza na herufi gani, nami nikamwonyesha Z kwenye kadi.

Alivua kandambili, akazipanga pembeni, akaanza kutembea.

Katika kila kona alisita, akageuza unyayo polepole, na hapo majivu yakaacha alama ndogo ya nusu duara ambayo hakuna mchezaji wetu aliyewahi kuiacha. Alipofika mwisho aligeuka, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Hiyo ndiyo mimi?”

Shuka hilo halitafuliwa.

Ndugu zangu, herufi ya kwanza ya jina lako ungeitembea vipi? Niandikieni hapa chini.