Jioni tuliyochambua karafuu

Tulikuwa barazani, Wete, tunachambua karafuu: Bibi, mimi, na Ami aliyeegemea ukuta, fimbo yake pembeni. Miaka miwili nyuma Ami alikuwa mchumaji, hakuna mkarafuu uliomshinda. Akashikwa na mafua na homa kama sisi wote nyumbani, akapona. Wiki mbili baadaye ganzi ikaanza nyayoni, ikapanda magotini, mpaka tukambeba kumpakia boti kwenda Unguja. Hospitali walisema ni Guillain-Barré, maradhi ya neva yanayopooza mwili. Mtaani walisema kachezewa, na aliyetajwa ni jirani waliyegombania naye mikarafuu ya mpakani.

Mafua yale niliyaleta mimi kutoka chuoni. Sikuwahi kulisema hilo mpaka jioni ile.

"Ami, ile homa niliileta mimi."

Hakuacha kuchambua. "Na wewe nani alikuletea, mwanangu?"

Bibi ndiye aliyeuliza lililokuwa likinikosesha usingizi: "Kwani mafua ndiyo yaliyokula miguu?"

Nikawaeleza habari za panya. Viko virusi vya panya viitwavyo JHM, ukoo mmoja na korona, vinajulikana tangu 1949. Vikiingia ubongoni na kwenye uti wa mgongo, panya hupooza. Watafiti waliwaambukiza panya waliozaliwa bila seli T wala seli B, askari wa kinga ya mwili. Virusi vikajaa ubongoni, lakini myelini, ile ala ya mafuta inayofunika neva, ikabaki karibu nzima. Kisha wakawatia seli za kinga za panya mwingine aliyekwishazoeshwa virusi vile. Hazikupita wiki mbili, ala ikachunika. Seli T huyaita makrofaji, yaani seli kubwa za kinga zinazomeza vitu, na makrofaji ndiyo yanayoimenya.

Bibi alinyamaza, mkono umejaa makonyo. "Kama wale vijana waliofukuza tumbili kondeni, wakaukanyaga mpunga wote."

"Ndivyo hasa, Bibi."

"Basi bora wasingekuwepo."

Hapo ndipo pagumu, na nilitaka waelewe. Panya wale wasio na askari hawakusalimika. Virusi viliendelea kuzaana mwilini mwao mpaka vikawaua. Kinga ileile iliyoharibu ndiyo iliyokuwa ikiokoa. Nikawaambia pia kwamba maradhi ya Ami si yale ya panya: yake yalishika neva zinazokwenda miguuni, nje ya uti wa mgongo, na kwa binadamu zimo kingamwili zinazokosea shabaha. Lakini mkono uliopiga ni wa nyumbani, siyo wa jirani.

Ami akaniuliza kama ala hurudi.

"Hurudi, pole pole. Miguuni hurudi."

Akakunja vidole vya mguu wa kulia, akavikunjua, akavikunja tena. Sote watatu tulikuwa tukivitazama.

Asubuhi Bibi aliamka mapema akapika mkate wa kumimina. Akaufunika kwa kawa, akanikabidhi niupeleke kwa yule jirani.