Nguzo ikipoa ndipo naanza kuhangaika

Binamu yangu wa Naivasha, kila akisikia nafanya kazi ya jotoardhi London, huuliza kama tumepata mvuke kama wa Olkaria. Mvuke hakuna. Ukishuka mita kumi na zaidi chini ya jiji hili, udongo una nyuzi 12 hadi 14 tu mwaka mzima. Tunachofanya ni kufunga mabomba ya plastiki kwenye kizimba cha nondo kabla zege halijamwagwa, ili nguzo zile zile za msingi, zilizozama ardhini kubeba jengo, zizungushe maji. Majira ya baridi zinachota joto ardhini, kiangazi zinalirudisha.

Swali la pili huwa: nguzo ikipata joto haitanyanyua jengo? Zege hurefuka takriban sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi. Nguzo ya mita 25 ikiongezewa nyuzi 20, ingerefuka milimita 5, lau ingekuwa huru. Haiko huru: udongo umeikaba pembeni, jengo limeikalia kichwani. Basi inasukuma juu na chini kwa pamoja, na mahali fulani katikati pana sehemu isiyosogea kabisa. Urefu ulionyimwa nafasi unageuka mgandamizo, na mgandamizo zege inauweza.

Mimi naogopa ubaridi. Nguzo ikipoa inasinyaa, udongo unaing'ang'ania, zege inavutwa, na kuvutwa ndiko isikokuweza. Mwaka 2007, pale Lambeth College, chuo cha kusini mwa London, nguzo ya majaribio ya mita 23 ilibebeshwa mzigo, ikapoozwa wiki kadhaa, kisha ikapashwa joto. Ilipopoa, sehemu ya chini, ambako mzigo wa juu ulikuwa umekwisha kumezwa na msuguano, iliingia kwenye mvutano. Ndiyo maana nanuna nikiletewa mchoro ambao nondo zimeishia nusu ya nguzo ili kubana bajeti.

Kuna baya zaidi: maji ya bomba yashuke chini ya sifuri hadi udongo wenyewe ugande. Ukiganda unavimba, ukiyeyuka unalegea, na nguzo inategemea mshiko huo huo. Kwa hiyo tunaseti pampu izime kabla ya kufika huko. Halafu fundi wa matengenezo anakuja, ofisi za juu zinalalamika baridi, naye anashusha kipimo cha baridi kinachozima pampu. Kwenye mradi wa sasa nimeomba kipimo hicho kifungwe kwa nywila, na fundi asipewe.